Kisu cha Bei Ndogo: Historia Inayosaidia Kuchagua

Familia inapokimbia vita, inabeba vitu vichache: watoto, godoro, sufuria, bidoni ya maji, na mara nyingi kisu. Ile inayofika kambini bila kisu inaanza kuazima kwa jirani siku hiyohiyo. Muhogo haumenywi kwa kucha. Kamba ya shitingi haikatwi kwa meno. Miti ya kusimamishia kibanda inahitaji kuchongwa ncha kabla ya kuingia katika ardhi ngumu.

Kwa hiyo swali la kisu gani kinafaa kwa mtu mwenye pesa kidogo ni swali la kila nyumba. Sokoni majibu huwa matatu. Kuna kisu cheupe cha inoksi chenye mpini wa plastiki. Kuna kisu cha mhunzi, cheusi na kizito, kilichofuliwa kutoka resori ya gari. Tena kuna kile kinachovuta macho ya vijana: kimepakwa rangi nyeusi au ya majani, kina meno kama ya msumeno mgongoni, na ala yake inafungwa mkandani. Watu wanakiita kisu cha jeshi au cha komando. Hiki cha tatu kinaweza kuwa ghali kuliko vyote na bado kikavunjika mapema kuliko vyote.

Sababu inaonekana katika historia ya kisu kisichokunjwa, yaani kile ambacho bapa lake limeshikamana na mpini bila bawaba. Kwa zaidi ya miaka 1,000, hapa Kongo na ng'ambo ya bahari, mambo matatu ndiyo yameamua kama kisu ni kizuri: aina ya chuma, namna kilivyopashwa moto na kuzimwa, na namna kilivyofungwa katika mpini. Sura ya kutisha na jina la sifa vilikuja nyuma sana, pamoja na wafanyabiashara.

Makaburi ya Sanga

Kaskazini mwa Katanga, katika bonde la Upemba, Mto Lualaba unapita katikati ya maziwa na mabwawa mengi. Kando ya Ziwa Kisale kuna mahali panapoitwa Sanga. Mwaka 1957 na 1958 wachimbuaji wa mambo ya kale, miongoni mwao Jacques Nenquin na Jean Hiernaux, walifungua makaburi ya zamani mahali pale. Pamoja na mifupa walikuta vyungu, mapambo ya shaba, na vyombo vya chuma vilivyozikwa na wenyewe, visu vikiwa kati yao. Uchunguzi wa bonde hilo ulionyesha kwamba wakaaji wale walikuwa na ufundi huo tangu karne ya 8 hivi. Wareno walifika kwenye mdomo wa Mto Kongo mwaka 1482. Watu wa Lualaba walikuwa wamekwisha kukata samaki na nyama kwa visu vya chuma kwa mamia ya miaka.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Mawe yenye chuma yalichimbwa, yakapangwa pamoja na makaa ya miti ndani ya tanuru ya udongo, na watu wakapuliza mivukuto kwa saa nyingi bila kuacha. Kilichotoka hakikuwa chuma kilichoyeyuka kama maji. Kilikuwa donge lenye matundu na takataka ndani yake. Mhunzi alilipiga tena na tena likiwa la moto mpaka takataka zikatoka na chuma kikashikana.

Makaa hayakuwa ya kuleta moto tu. Yalitia kaboni ndani ya chuma. Chuma kisicho na kaboni ni laini, kinapinda kama msumari. Kikipata kaboni kidogo kinakuwa chuma cha pua, kinachoweza kushika makali. Mkoani Kagera, Tanzania, upande wa pili wa Maziwa Makuu, wazee wa Kihaya waliwaonyesha watafiti Peter Schmidt na Donald Avery namna babu zao walivyojenga tanuru. Mwaka 1978 watafiti hao waliandika katika gazeti la sayansi la Marekani kwamba matanuru ya eneo lile yalitoa chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Ufundi huo ni urithi wa eneo zima hili.

Kwa sababu ya ugumu wa kazi, mhunzi alikuwa mtu mkubwa. Katika masimulizi ya Waluba, mwindaji Mbidi Kiluwe, baba wa mfalme Kalala Ilunga, ndiye aliyekuja na adabu mpya za utawala pamoja na ufundi bora wa kufua. Kwa Wakuba wa Kasai kuna masimulizi mengine yanayofaa kukumbukwa wakati huu. Yanasema kwamba mfalme Shyaam aMbul aNgoong, aliyetawala karne ya 17, alikataza kisu cha kurusha vitani na badala yake akaleta ikul, kisu cha amani, ambacho mwanaume alikivaa kiunoni kama alama ya heshima. Kuna ikul za mti mtupu, zilizochongwa kwa mapambo mengi, ambazo haziwezi kukata hata kamba. Kisu kilichovaliwa ili kuonekana na kisu cha kazi vilikuwa vitu viwili, na kila mtu alijua tofauti yake.

Chuma cha Ulaya kinapokuwa rahisi

Ulaya pia kisu kizuri kilikuwa ghali kwa muda mrefu. Mji wa Sheffield nchini Uingereza ulijulikana kwa visu vyake tangu zamani. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, fundi wa saa, hakuridhika na chuma alichopata kwa ajili ya springi za saa zake. Akatafuta njia ya kukiyeyusha ndani ya vyungu vya udongo mpaka kikawa sawasawa kote. Chuma chake kilikuwa bora, lakini kila chungu kilitoa kilo chache tu.

Bei ilianguka baada ya mwaka 1856, pale Mwingereza Henry Bessemer alipotangaza njia ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Kazi ya siku nyingi ikawa ya dakika chache. Mwanzoni waliojaribu kumfuata walishindwa, kwa sababu mawe yao ya chuma yalikuwa na fosforasi iliyofanya chuma kivunjike. Msweden Göran Fredrik Göransson alifaulu mwaka 1858, akitumia chuma safi cha nchi yake, na mwaka 1862 akaanzisha kiwanda cha Sandviken. Kuanzia wakati ule chuma kizuri kiliweza kufika katika mikono ya mkulima.

Mji wa Mora, katika jimbo la Dalarna nchini Uswidi, unaonyesha vizuri kilichofuata. Mashamba ya kule hayakutosha kulisha watu, kwa hiyo familia za wakulima zilitengeneza vitu vya kuuza, kama vile saa kubwa za kusimama ukutani. Mwaka 1891 Frost-Erik Erson, aliyekuwa amerudi kutoka Marekani, alianzisha karakana ya magari ya kuteleza juu ya theluji ya kubebea magogo katika kijiji cha Östnor. Wafanyakazi walihitaji visu, karakana ikavitengeneza, na baadaye visu ndivyo vikawa biashara yenyewe. Mwaka 1912 kiwanda kingine, cha ukoo wa Eriksson, kilianza karibu na hapo. Vyote viwili viliungana mwaka 2005.

Kisu cha Mora hakina kitu cha kujivunia machoni. Bapa lake lina urefu wa sentimita 10 hivi na unene wa milimita mbili au tatu. Mpini wa zamani ulikuwa wa mti uliopakwa rangi nyekundu; wa leo mara nyingi ni wa plastiki. Mgongo hauna meno, wala hakuna kioo cha dira. Lakini chuma chake ni kigumu, makali yake yana mtelemko mmoja mpana ambao hata mtoto wa shule anaweza kujifunza kuunoa juu ya jiwe, na kinakaa vizuri mkononi. Seremala, mvuvi na mkulima walikitumia, na jeshi la Uswidi likawapa askari wake kisu hichohicho. Mpaka leo, Ulaya na Marekani, mara nyingi bei yake ni kati ya dola 15 na 25, na watu wanaoelewa visu wanawashauri wanaoanza wanunue hicho kwanza. Pesa yote imeingia katika chuma na makali, kwa sababu hakuna mapambo ya kulipia.

Kisu cheupe cha jikoni nacho kina historia yake. Mwaka 1913, palepale Sheffield, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki ambacho hakitaliwa haraka na joto la risasi. Alipoongeza kromu nyingi aliona kwamba chuma kile hakipati kutu upesi. Akawaza visu vya mezani. Mwanzoni mafundi wa mji walimkejeli kwamba amebuni kisu kisichokata, kwa sababu hawakujua bado namna ya kukipasha moto vizuri. Walipojifunza, inoksi ikaenea dunia nzima. Kazi iliyoanza kwa ajili ya bunduki iliishia jikoni. Hata hivyo kejeli ya mafundi wale ina ukweli kwa inoksi ya bei ya chini kabisa: inang'aa, haishiki kutu, lakini makali yake yanakwisha baada ya siku chache kwa sababu haikupashwa moto inavyotakiwa.

Kisu kinachouzwa kwa hadithi

Upande mwingine wa biashara ulianza Marekani. Tarehe 19 Septemba 1827, karibu na mji wa Natchez, watu wenye ugomvi walipigana kwenye kisiwa cha mchanga cha Mto Mississippi. James Bowie alipigwa risasi na kuchomwa, lakini akamuua adui yake kwa kisu kikubwa. Magazeti yalisambaza habari hiyo, na kila kijana akataka kisu kama cha Bowie. Viwanda vya Sheffield, vilivyokuwa mbali na ugomvi ule, vilitengeneza visu hivyo kwa wingi na kuvipeleka Marekani vikiwa vimechorwa maneno ya ushujaa. Mnunuzi alilipia chuma, akalipia na hadithi.

Vita vikubwa vya karne ya 20 vilipima hadithi hizo. Katika vita vya 1914 hadi 1918, askari wa Ufaransa waliokuwa katika mahandaki hawakuwa na kisu kinachofaa, wakajitengenezea kwa kukata singe zao na kwa kunyoosha vyuma vya kushikia waya wa miba. Katika vita vya pili, Waingereza William Fairbairn na Eric Sykes, waliokuwa wamefanya kazi ya polisi mjini Shanghai, walibuni kisu cha makomando kilichoanza kutengenezwa mwaka 1941 na kampuni ya Wilkinson Sword. Kilikuwa chembamba, chenye makali pande zote mbili na ncha kali sana. Kilitengenezwa kwa kazi moja tu, kuua mtu. Askari walipokitumia kufungua masanduku na makopo, ncha ilivunjika, maana mtu yeyote, hata komando, anakula mara nyingi kuliko anavyopigana kwa kisu.

Jeshi la majini la Marekani lilichagua njia tofauti mwishoni mwa mwaka 1942. Kisu chake kilikuwa na bapa la sentimita 18 hivi, makali upande mmoja, mgongo mnene, na mpini wa vipande vya ngozi vilivyobanwa pamoja. Kampuni kadhaa zilikitengeneza, na alama ya mojawapo, KA-BAR, ikawa jina la kisu chenyewe. Askari walichimba nacho, walikata miti nacho, walifungua makopo nacho. Kilikuwa kisu cha kambini ambacho kingeweza pia kwenda vitani. Vita vilipoisha, visu vya aina hiyo viliuzwa kwa raia, wawindaji na wakulima wakaendelea kuvitumia.

Kisha ikaja sinema. Filamu ya First Blood ilitoka mwaka 1982, na Rambo akaonyesha kisu kikubwa chenye meno mgongoni na mpini wenye uwazi ndani, wa kuwekea uzi, sindano na viberiti. Kisu halisi cha filamu kilitengenezwa kwa mkono na Jimmy Lile, fundi wa jimbo la Arkansas, na kilikuwa kazi ya uangalifu. Jina la Rambo lilienea mpaka nchini Tanzania mifuko ya plastiki ikaitwa mifuko ya rambo. Viwanda vya bei ndogo navyo vikatoa nakala nyingi. Nakala hizo zilikuwa na kasoro moja kubwa. Kwa kuwa mpini ulikuwa mtupu ndani, chuma cha bapa hakikuingia ndani yake. Kilifungwa kwa skrubu au kwa gundi pale mwanzoni tu. Mtu alipopiga mti kwa nguvu, bapa lilitoka na kuruka, na mkononi ukabaki mpini wenye sindano na viberiti.

Katika miaka ya baada ya filamu ile, na zaidi kuanzia miaka ya 1990, wauzaji wa Marekani walieneza jina la kisu cha mbinu za kivita. Visu vingine vya jina hilo ni vizuri kabisa. Lakini rangi nyeusi na meno ya mgongoni ni mambo ambayo kiwanda chochote kinaweza kuyaongeza kwa gharama ndogo, na rangi hiyohiyo inaweza kuficha chuma kibaya. Mtu asiye na pesa nyingi ndiye anayeumizwa zaidi na udanganyifu huo, kwa sababu hawezi kununua mara ya pili.

Kutoka resori ya lori

Hapa Kongo, chuma cha Ulaya kilipoanza kuingia kwa bei ya chini, matanuru ya kuyeyushia mawe yalizimika moja baada ya jingine. Kufua hakukufa. Mhunzi aliacha kutafuta mawe mlimani, akaanza kuokota vyuma vya magari. Resori ya lori ikawa mali. Kwa kawaida chuma chake kina kaboni ya gramu 6 hivi katika kila kilo moja, kiasi kinachotosha kutoa makali mazuri bila kisu kuwa chepesi kuvunjika. Kwa kulinganisha, kisu cha KA-BAR kina gramu 9 na nusu hivi, na msumari wa kawaida una gramu chache mno kiasi kwamba hauwezi kuwa kisu hata ukinolewa mwezi mzima.

Chuma kizuri peke yake hakitoshi. Mhunzi akimaliza kulipa bapa sura yake, analipasha moto mpaka liwe jekundu linaloelekea rangi ya chungwa, karibu digrii 800, kisha analizamisha katika mafuta. Hapo chuma kinakuwa kigumu kama kioo, na kama kioo kinaweza kupasuka kikianguka. Kwa hiyo analipasha tena kwa moto mdogo, digrii 200 na kitu, mpaka sehemu iliyosuguliwa ikapata rangi ya majani makavu. Ugumu unapungua kidogo, uvumilivu unaongezeka. Mhunzi anayeruka hatua ya kwanza anauza kisu kinachopinda. Anayeruka ya pili anauza kisu kinachovunjika. Wote wawili visu vyao vinafanana mezani, ndiyo maana jina zuri la mhunzi linaenda mbali kuliko tangazo lolote.

Kutokana na hayo linatoka onyo moja kwa kila mama na kila kijana: kisu hakitiwi motoni. Kukoroga makaa kwa ncha ya kisu, au kukiweka juu ya jiko ili kukausha damu ya nyama, kunarudisha chuma katika ulaini wake. Vivyo hivyo, fundi wa mtaani akinoa kwa mashine ya umeme bila kukipoza katika maji, makali yakigeuka rangi ya buluu, ugumu umekwisha pale. Jiwe na maji ni polepole, lakini haviharibu.

Kupima kisu sokoni

Mtu mwenye franka zake mkononi anaweza kupima kisu chochote kabla ya kulipa, bila kujua jina la kiwanda.

Kwanza ni msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Ulio bora unafika mpaka mwisho wa mpini, na unaonekana kati ya vipande viwili vya mti vilivyopigwa ribiti. Msuka mfupi si ubaya moja kwa moja. Wa visu vingi vya Mora haufiki mwisho, lakini umekaza vizuri. Shika mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa mwingine, juu ya kitambaa, kisha jaribu kutikisa. Kikicheza hata kidogo, kirudishe mezani. Mpini wenye uwazi ndani uachwe kabisa.

Pili ni chuma. Kigongwe taratibu kwa ukucha au kwa funguo: bapa lililozimwa vizuri linalia kwa sauti ya wazi, lililopasuka linatoa sauti iliyokufa. Muuzaji akikubali, pitisha tupa pembeni mwa makali karibu na mpini. Tupa ikizama na kula chuma kama inavyokula msumari, kisu ni laini. Ikiteleza au kushika kidogo tu, ni kigumu.

Tatu ni unyofu. Kiinue mbele ya jicho moja, utazame kutoka mpini kuelekea ncha. Bapa lililopinda linaonekana papo hapo.

Nne ni ukubwa. Kwa jikoni na kazi ndogo za kibanda, bapa la sentimita 10 hadi 15 linatosha. Unene wa milimita mbili hadi tatu unamenya muhogo na kukata kamba. Bapa nene la milimita tano, linalopendwa na wanaotaka kisu cha komando, linapasua muhogo badala ya kuukata. Kwa kuni na vichaka, panga ndilo la kazi hiyo, na hakuna kisu kifupi kinacholishinda.

Tano ni meno ya mgongoni. Hayakati mti inavyopasa, yanachana ala, na yanamzuia mtu kukandamiza mgongo wa kisu kwa kidole gumba. Kisu kisicho nayo kinafaa zaidi.

Kati ya inoksi na chuma cha resori, kila kimoja kina kazi yake. Kwenye nyumba ambayo kisu kinalala katika unyevu wa shitingi na kushikwa na watu wengi, inoksi haitaharibika kwa kutu, ila itanolewa mara kwa mara. Kwa anayekubali kukipangusa kila baada ya kukata limau, nyanya au nyama, na kukipaka mafuta kidogo ya mawese au ya kupikia, kisu cha mhunzi kitamtumikia miaka mingi. Wanaopewa seti ya vyombo vya jikoni na mashirika ya misaada mara nyingi wanakuta ndani yake kisu cha inoksi. Kikinolewa vizuri juu ya jiwe laini, hicho kinatosha kwa mapishi, na pesa inaweza kwenda kwenye chakula.

Kisu barabarani na ndani ya kibanda

Watu wa Maziwa Makuu hawahitaji kufundishwa kwamba chombo cha shamba kinaweza kugeuzwa. Nchini Rwanda mwaka 1994 panga la kulimia liliua majirani. Katika eneo la Beni tangu mwaka 2014, na huko Ituri, familia nyingi zilikimbia watu wenye mapanga. Mtu aliyeona hayo haangalii bapa refu kiunoni mwa kijana kwa utulivu, hata kama kijana huyo anatoka kuchonga mti wa kibanda.

Hapo ndipo kisu chenye sura ya jeshi kinakuwa hatari kwa mwenye nacho. Kwenye bariyeri, askari hana muda wa kuuliza kama kilinunuliwa kwa ajili ya sombe au kwa ajili ya vita. Kisu cha jikoni kilichofungwa katika kitambaa pamoja na sufuria na vijiko kinajieleza chenyewe. Kile cheusi kilichoning'inia mkandani kinaanzisha maswali ambayo kijana aliyehama, asiye na mtu wa kumtambulisha, anaweza kushindwa kuyajibu. Kwa wazazi wenye vijana, hili lina uzito kuliko swali la chuma.

Ndani ya kibanda, kisu kiwe na mahali pake pa juu, penye ala au kipande cha katoni kilichokunjwa, mbali na watoto. Kisu butu nacho ni hatari: kinalazimisha mtu kusukuma kwa nguvu, na kikiteleza kinaingia mkononi. Jeraha lisafishwe kwa maji safi, libanwe kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, na lililo la kina lionyeshwe kituo cha afya kwa sababu ya pepopunda.

Mwenye pesa ya kisu kimoja tu, basi, amtafute mhunzi anayesifiwa na majirani, au achague inoksi ya kawaida yenye msuka uliokaza, na abakize franka chache kwa ajili ya jiwe la kunolea.